Kila kipande kiliungua: moto wa kwanza unajulikanaje?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma ufundi mitambo, mwaka wa pili. Nimesoma kwamba ajali ya chombo cha anga Columbia ilichunguzwa kwa kuokota mabaki yake ardhini. Kinachonitatiza ni hiki: chombo kilisambaratika kikiwa ndani ya joto kali, kwa hiyo kila kipande kiliungua. Walitofautishaje alama za moto ulioleta ajali na za moto uliokuja baada ya chombo kuvunjika? Na mabaki yale yako wapi sasa?

Jibu: Marahaba. Umegusa penyewe. Mimi sijashika kipande cha chombo cha anga hata siku moja. Riziki yangu inatoka kwenye mirija ya boila iliyopasuka na ekseli za malori zilizokatika. Ila swali la kwanza mbele ya chuma kilichoharibika ni lilelile popote: kipi kilitangulia? Ukubwa wa uharibifu haukwambii kitu. Mpangilio wake ndio unaosema.

Columbia ilivunjika asubuhi ya tarehe 1 Februari 2003 juu ya Texas, ikirudi duniani na watu 7, na wote walifariki. Watu zaidi ya 25,000 walishiriki kutafuta mabaki. Wengi walitembea kwa mstari, bega kwa bega, kwenye misitu na matope ya mashariki ya Texas. Vilipatikana vipande karibu 84,000, yaani asilimia 38 hivi ya uzito wa chombo. Vilipelekwa kwenye hangari katika kituo cha anga cha Kennedy, Florida, ambako sakafu ilichorwa miraba kwa umbo la chombo, na kila kipande kikawekwa mahali pake. Vipande vya ukingo wa mbele wa bawa la kushoto vilipata heshima ya pekee: vilifungwa kwenye fremu za plastiki angavu zenye umbo la bawa, ili mchunguzi aone nje na ndani kwa pamoja.

Sasa twende kwenye alama zenyewe.

Anza na mahali kipande kilipoangukia, hata kabla ya kukiangalia kwa hadubini. Kilichobanduka mapema kinaanguka nyuma kwenye njia, kilichobanduka mwisho kinaanguka mbele. Columbia ilikuwa ikitoka magharibi kwenda mashariki, na kigae cha kukinga joto kilichookotwa magharibi kuliko vyote, karibu na Littlefield, Texas, kilitoka bawa la kushoto. Hapa kuna mtego, maana kitu chepesi huchelewa hewani na kizito hukimbia mbele. Sehemu nzito za injini zilifika hadi Louisiana. Kwa hiyo hesabu ya uzito na umbo hufanywa kwanza, ndipo ramani isomwe.

Halafu linganisha pande mbili. Chombo kina mabawa mawili yanayofanana, kila moja likiwa na paneli 22 za kaboni kwenye ukingo wa mbele. Mabawa yote mawili yalivunjika, yote yakapita kwenye moto wa kuanguka. Basi madhara yaliyo pande zote mbili yaweke kando, hayo ni ya baadaye. Yaliyo upande mmoja tu ndiyo ya kufuatilia. Kushoto, kwenye paneli za 8 na 9, mbavu za kaboni zilikuwa zimelika hadi kuwa kali kama kisu: unene wa milimita 9 hivi ulibaki milimita 1 na kidogo. Tena zililika kutokea ndani. Moto wa kuanguka hauchagui paneli mbili kati ya 44 ukazilamba kwa ndani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mavi ya chuma. (Wahunzi wetu ndivyo wanavyoyaita, usicheke.) Ndani ya paneli za kushoto kulikuwa na tabaka la metali iliyoyeyuka, ikarushwa, ikagandia kwenye kaboni, na lilikuwa nene zaidi kwenye paneli ya 8. Wakalipiga eksirei, kisha wakapima kemikali zake tabaka kwa tabaka, kama unavyosoma udongo kwenye ukuta wa shimo la kisima. Tabaka la chini kabisa, lililogandia kwanza, lilikuwa na Inconel, aloi ya nikeli inayohimili joto, pamoja na kizuia joto cha kauri. Alumini ilikuja juu yake.

Tulia hapo kidogo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Inconel inahitaji zaidi ya nyuzi 1,200. Kama bawa lingepashwa moto lote kwa jumla, alumini ingetangulia. Ilikuwaje kigumu kikatangulia kulainika? Kwa sababu nyuma ya zile paneli kulikuwa na kizuia joto kilichofungwa kwenye karatasi ya Inconel, na nyuma yake ndipo boriti ya alumini ya bawa. Gesi ya moto iliingia kwa tundu kama ndimi ya mtungi wa kuchomelea, ikapiga kilichokuwa mbele kwanza, ikatoboa, kisha ikaifikia boriti. Mpangilio wa matabaka ni ramani ya njia ya moto.

Nyuso za mpasuko husomwa vivyo hivyo. Ukikuta metali iliyoyeyuka imefunika uso wa mpasuko, mpasuko ulitangulia. Ukikuta mpasuko umelikata tabaka hilo na uso wake ni safi, basi joto lilitangulia. Ndiyo maana nawaambia vijana kazini wasisugue wala kuosha kipande kabla sijakiona. Brashi ya waya imewahi kunipotezea ushahidi wote wa shafti moja ya pampu.

Mabaki hayakusimama peke yake. Columbia ndiyo iliyokuwa ya kwanza kati ya vyombo hivyo kwenda angani, kwa hiyo ilibaki na kinasa data cha majaribio ambacho wenzake hawakuwa nacho. Kilipatikana Machi 2003 karibu na Hemphill, Texas, na utepe wake ukasomeka. Kipimo kilichokuwa kwenye boriti, nyuma ya paneli ya 9, kilianza kuonyesha mkazo usio wa kawaida dakika kama 11 kabla ya mawasiliano kukatika. Chuma na utepe vilitaja sehemu moja.

Lakini mabaki yana mwisho wa uwezo wake. Yalionyesha tundu lilipokuwa. Hayakuonyesha nani alilitoboa, kwa kuwa kingo zake zilikuwa zimeliwa. Picha za kurushwa, tarehe 16 Januari, zilionyesha povu gumu la kukinga joto la tangi la nje la mafuta likibanduka na kugonga bawa la kushoto sekunde 82 hivi baada ya kuondoka. Wengi hawakuamini kwamba povu lenye uzito usiofika kilo moja linaweza kuvunja paneli ile. Tarehe 7 Julai 2003, huko San Antonio, bonge la povu lilifyatuliwa kwa bunduki ya gesi, kwa mwendo wa karibu kilomita 850 kwa saa, likapiga paneli ya 8. Lilitoboa tundu la sentimita 40 kwa 40 hivi.

Mabaki hayakuzikwa. Ya Challenger, chombo mwenzake kilichopotea mwaka 1986, yalifungiwa kwenye mashimo ya zamani ya makombora huko Cape Canaveral. Ya Columbia yamehifadhiwa ndani ya lile jengo refu la kuunganishia roketi huko Kennedy, na watafiti huazimwa vipande kwa masomo ya metali na joto. Ukifika shahada ya pili, mwombe msimamizi wako akuandikie barua.