Unaingia wodini mara ya kwanza: kipi chako, kipi cha msimamizi

Kila kazi anayoifanya mwanafunzi wa uuguzi na ukunga wodini ina wenyewe watatu: yeye, muuguzi mwenye leseni anayemsimamia zamu hiyo, na mkufunzi wa chuo anayepita mara mojamoja. Makosa mengi hutokea kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshafanya.

Siku ya kwanza mwone inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, ukiwa na orodha ya malengo uliyopewa chuoni. Mweleze uko mwaka wa ngapi, umeshafanya nini kwenye maabara ya stadi, na kipi hujawahi kukigusa kabisa. Hicho cha mwisho wengi hukificha, ilhali ndicho kinachomwezesha kukupangia mtu wa kukushika mkono. Barua ya kukutambulisha na orodha hiyo ni wajibu wa chuo. Zikikwama ofisini kwa katibu wa hospitali, wodi haitajua umekuja kujifunza nini, na utatandika vitanda na kupeleka sampuli maabara mwezi mzima. Chanjo ya homa ya ini B nayo ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo anayeianza wiki ya kuingia wodini amechelewa.

Kwenye dawa, msimamizi anawajibika kwa chochote kinachomwingia mgonjwa kupitia mkono wako. Hilo halikuondolei hesabu. Chukua mtoto wa kilo 8 aliyeandikiwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Anahitaji miligramu 60. Ampuli iliyozoeleka ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita, basi utavuta mililita 1.5. Lakini zipo pia ampuli zenye miligramu 20 tu ndani ya mililita 2 hizohizo. Ukivuta 1.5 kwa mazoea, mtoto amepata miligramu 15, robo ya dozi. Ukikosea upande wa pili, ukavuta mililita 6, ambazo zingefaa kwa ampuli za 20, kutoka ampuli za 80, amepata 240, mara nne ya anachohitaji, na jentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio. Ukijikuta unavunja ampuli ya tatu kwa mtoto mmoja, simama usome lebo upya.

Ndiyo maana kumpelekea msimamizi bomba lililokwisha kuvutwa na kumuuliza "Sista, ni moja na nusu, si ndiyo?" si kuhakikiwa. Umeshampa jibu, naye ana wagonjwa wengine thelathini kichwani. Mpe faili na ampuli, apige hesabu yake bila kuona yako, kisha mlinganishe. Akisema "wewe choma tu," mwambie: "Sista, naomba tuhesabu wote, bado najifunza." Atanung'unika kidogo. Mwache anung'unike.

Leba ina pengo la aina hiyohiyo. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu, uniti 10 huchomwa kwenye msuli wa paja lake ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, mkishahakikisha hakuna pacha tumboni. Mikono yako imeshika mtoto, sasa nani anachoma? Semeni kwa sauti kabla mama hajaanza kusukuma: "Mimi napokea mtoto, sindano ni yako." Msipogawana mapema, sindano inaweza kusahaulika na bado ikaandikwa kwenye faili kwamba imetolewa.

Kuhusu vipimo, pekua mafaili ya wodi iliyojaa wanafunzi uone: kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika! Hesabu dakika nzima, macho kwenye saa, mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano akifika 40, anapumua haraka kupita kawaida. Usiishie kuandika, kamwambie msimamizi saa hiyohiyo.

Kitabu cha mazoezi hujazwa na kusainiwa siku ya kazi. Msimamizi anayesaini kazi arobaini kwa mkupuo wiki ya mwisho hakumbuki hata moja, na mkufunzi akiona kurasa zimejaa hudhani umeiva, kumbe katheta, mpira wa kutolea mkojo, hujawahi kuweka. Mkufunzi naye asiridhike na kitabu. Akuone kando ya kitanda.

Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mwambie inchaji papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Humezwa siku 28. Wanafunzi hunyamaza wakiogopa kufokewa kwamba walirudishia kifuniko, na saa zinapita. Inchaji ndiye wa kukupeleka na kujaza fomu, chuo kifuatilie vipimo vyako hata ukishahamia wodi nyingine.

Mchana gari la chuo hupiga honi wakati wauguzi wanapokezana zamu, na hapo wagonjwa wako hubaki bila mtu anayejua ulipoishia. Usiondoke kwa kupunga mkono. Mfuate msimamizi: "Kitanda namba sita, dripu inaisha saa tisa, mkojo sijapima." Ngoja akurudishie maneno hayo, halafu kimbilia gari.