Je, Kukaa na Wasio wa Dini Yangu na Kuwasikiliza Kunapunguza Imani?

SWALI: Assalaam alaykum Shehe. Mimi ni kijana wa Igombe, hapa Mwanza, nauza dagaa. Baba ni Mwislamu. Mama alisilimu alipoolewa, ila ndugu zake ni Wasukuma Wakatoliki wa Magu. Ustadhi aliyenisomesha alitufundisha kwamba akili ikifunguka sana imani inatoka, tusikae na wasio wa dini yetu ila kwa biashara, na tusiswali nyuma ya imamu anayesoma kunuti, ile dua ya kusimama katika swala ya asubuhi. Juzi bibi mzaa mama amefariki. Nilikwenda Magu lakini sikuingia kwenye mji, nilisimama barabarani mpaka wakamaliza kuzika, nikarudi. Mjomba alikuwa amemtafuta Mwislamu amchinje ng'ombe ili na sisi tule. Tangu siku hiyo mama hasemi nami. Halafu huku kambini yupo mama mmoja Mlokole anayeanika dagaa kwenye vichanja. Dagaa wake hawana mchanga, wanunuzi wanamkimbilia. Alitaka kunifundisha, nikamkatalia. Sasa najiuliza kama nimekuwa mgumu kuliko dini yenyewe. Nitafunguaje akili bila kupoteza imani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Pole sana kwa msiba wa bibi.

Swali lako limeninyima raha, na sababu ni yule ng'ombe. Watu wamefiwa, wanalia, na katikati ya kilio wakakumbuka kuna mjukuu Mwislamu njiani, wakaenda kutafuta mchinjaji. Mjukuu akafika, akabaki barabarani. Ulichofanya hakimo katika dini, na anayekwambia kimo akuoneshe kilipo.

Najua atakapokupeleka. Atakusomea aya ya 140 ya Suratun-Nisaa, kama inavyosomwa kwenye darasa nyingi, na ataishia katikati. Aya inasema tukisikia aya za Mwenyezi Mungu zinakanushwa na kufanyiwa mzaha, tusikae na wanaofanya hivyo mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Hayo maneno ya "mpaka" huwa yanapotelea wapi darasani? Mola ametaja kikao cha dhihaka, na akataja mwisho wa katazo. Pale Magu nani alikuwa anaifanyia Kurani mzaha? Wanaume walikuwa wanachimba kaburi, wanawake wanateka maji na kupepeta mchele.

Sasa weka pembeni ya hapo yale ambayo hayasomwi. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge undugu, naye akamjibu: muunge mama yako. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Lilipopita jeneza la Myahudi, Mtume alisimama. Akaambiwa huyo ni Myahudi, akasema: kwani si nafsi? Na Abu Talib alipokufa katika dini ya wazee wake, Mtume alimwambia Ali (r.a.) aende akamzike baba yake, kama walivyopokea Abu Daud na Nasai. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tunamsoma tangu utotoni, ameandika kwamba si karaha kwa Mwislamu kufuata jeneza la jamaa yake asiye Mwislamu. Wewe hukutakiwa hata kuzika. Ulitakiwa kuingia, kukaa na kusema poleni.

Mpaka upo, nami siufichi. Misa huishiriki, wala huitikii sala zao, wala humwombei maghufira, yaani msamaha wa Mungu, aliyekufa nje ya Uislamu. Wakati wa ibada yao unakaa pembeni na wazee wanaokaa pembeni, na kila msiba wa Kisukuma huwa nao. Ibada ikiisha unashika jembe. Nyama ile ilikuwa halali kwako bila ya shaka yoyote.

Kuhusu hilo la akili kufunguka imani ikatoka, hapa nitasema kwa ukali kidogo, na ustadhi wako anisamehe. Suratuz-Zumar, aya ya 18, inawasifu wanaosikiliza maneno kisha wakafuata yaliyo bora zaidi. Huwezi kujua lililo bora kama masikio umeyaziba. Waliosema "tuliwakuta baba zetu wakifuata njia hii" Kurani imewataja kwa kuwalaumu, nao walikuwa na hakika ya njia yao kama aliyonayo ustadhi wako. Mtume (s.a.w.) ameeleza kiburi ni nini: kuikataa haki na kuwadharau watu. Hilo ndilo la kuogopa. Mwenye chembe yake moyoni haingii Peponi, kwa hadithi ya Muslim. Kwa kusikiliza sijaona onyo la namna hiyo.

Na yule mama wa vichanja? Katika Hijra, mwaka 622, Mtume na Abubakar walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia ya kwenda Madina. Alikuwa katika dini ya Makureshi. Wakamkabidhi ngamia wao na siri ya pango walimojificha, wakati Makka nzima inawasaka. Mtume wa Mwenyezi Mungu alikabidhi roho yake kwa mshirikina kwa sababu alikuwa mwaminifu na njia aliijua. Wewe umeogopa kuoneshwa namna ya kuanika dagaa. Unaendelea kumwaga mzigo mchangani, unauza kwa bei ya chakula cha kuku, halafu unaita uchamungu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna sababu ya kulichezea jambo hili. Mwaka 2013, kule Buseresere, Geita, ugomvi wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Ukuta wa namna hiyo huanza kujengwa na maneno madogo ya "msikae nao". Halafu mjomba wako Mkatoliki anamwita Mwislamu achinje kwa hiari yake, na sisi ndio tunaomgomea!

Kuhusu kunuti sitachukua muda. Ibn Masud (r.a.) alimpinga Khalifa Uthman kwa kuswali rakaa 4 kule Mina, karibu na Makka, wakati wa Hija badala ya 2, kisha akaswali 4 nyuma yake. Alipoulizwa akasema kutofautiana ni shari. Swali nyuma ya imamu wako.

Umeuliza utafunguaje akili. Anza na kuuliza kabla ya kujibu. Mtu akisema jambo usilolikubali, mrudishie maneno yake mpaka akiri kwamba ndivyo alivyokusudia, ndipo useme lako. Ukisikia fulani ni mzushi, katafute hoja yake kwa wanaoishika, maana kwa mpinzani wake utaipata imeshavunjwa miguu. Jizoeze kusema "sijui" mbele za watu, kwani Imam Malik alilisema mara nyingi na hakupungukiwa. Ustadhi wako naye usimvunjie heshima. Alikufundisha alifu na sura unazoswalia, haki hiyo inabaki. Mwulize swali hili hili, umsikilize mpaka mwisho.

Lakini kabla ya yote hayo, mama. Alisilimu, akaacha dini ya kwao, na siku ya kumzika mama yake mzazi mwanawe akamwaibisha mbele ya ndugu waliomruhusu aondoke kwa amani. Mwombe radhi bila kumpa dalili wala aya. Mbalamwezi hii wavuvi wakipumzika na mizigo ikikosekana, mchukue mwende Magu. Beba mchele na sukari, mpe mjomba rambirambi mkononi. Wakikuwekea kigoda, kaa. Wakikuletea chakula, kula, na umshukuru mjomba kwa yule ng'ombe mbele ya watu wote. Ukirudi Igombe, nenda kwa yule mama kabla giza la mwezi halijaanza na dagaa hawajajaa, akuoneshe vichanja.

Wallahu a'lam.