Kabla hujamkanda, muulize imetokeaje

Kwenye viwanja vyetu vya mchangani, mchezaji akianguka akashika mguu, kila mtu anageuka daktari. Mmoja anapuliza dawa, mwingine anauvuta mguu, na jioni nyumbani maji ya moto yanamsubiri. Nafundisha timu za vijana, na jambo ninalowasisitizia makocha wenzangu ni moja: uacheni mguu kwanza, muulizeni mchezaji ilivyotokea. Mara nyingi jibu lake linaonyesha aina ya jeraha hata kabla uvimbe haujatoka.

Winga wangu mmoja, binti wa sekondari, aliukimbilia mpira, akakita mguu ili ageuke, goti likaingia ndani. Hakuna aliyemgusa. "Kocha, nimesikia pa! ndani ya goti." Jua halijazama, goti lilikuwa limejaa. Mambo hayo yakija pamoja, fikiria kwanza kwamba ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe unaoshikanisha mifupa, imekatika. Wasichana huumia hivyo zaidi ya wavulana. Hatari yake ni kwamba baada ya wiki kadhaa anatembea vizuri, watu wanasema kapona, anarudi uwanjani, goti linamwachia na gegedu la ndani linachanika. Huyo ni wa daktari wa mifupa, si wa mchua misuli.

Paja nalo lina habari mbili tofauti. Aliyekuwa anakimbia kwa kasi akashika ghafla nyuma ya paja, msuli umevutika au umechanika. Aliyepigwa goti la mpinzani mbele ya paja, msuli umepondeka na damu imevilia ndani. Huyu wa pili ukimkanda kwa nguvu siku za mwanzo, damu ile inaweza kujenga mfupa ndani ya msuli. Nawasihi sana, msimchue. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji, na mguu uinuliwe.

Enka, yaani kifundo cha mguu, ikiteguka mara nyingi hupindia ndani na kuumiza ligamenti za upande wa nje. Madaktari huzipanga kwa daraja: la 1 nyuzi zimevutika tu, la 2 zimechanika kiasi, la 3 zimekatika kabisa. Uwanjani huwezi kupima daraja kwa macho, lakini unaweza kujua nani aende eksirei. Mwambie apige hatua 4. Akishindwa, au ukibonyeza mfupa wa kifundo, ukingo wa nyuma hadi nchani, akaruka kwa maumivu, mpeleke hospitali.

Kuna majeraha yasiyo na siku ya kuanza, na hayo ndiyo tunayoyapuuza. Shule zikifungwa vijana hukaa bure, zikifunguliwa tunawakimbiza kila siku kwenye lami, na ugoko unaanza kuuma. Hapo swali linabadilika: mazoezi yameongezeka lini, na kwa kiasi gani? Maumivu yakitambaa sehemu ndefu ya ugoko, punguza mbio. Akikuonyesha kwa kidole kimoja mahali pamoja tu, na panamuuma hata usiku kitandani, huenda mfupa umeanza kupasuka. Asikimbie tena hadi aonwe na daktari. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea mrudishe hospitali hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi.