Msisimame wimbo ukiharibika

Mara yangu ya kwanza kupanda jukwaani na bendi, nilisahau ubeti wa pili. Maneno niliyoyaimba miezi miwili, njiani na kitandani, yakanitoka yote. Nikafanya kile nilichozoea kufanya mazoezini: nikanyamaza na kugeuka kuwatazama wenzangu. Mpiga besi akaacha. Mpiga kinanda akaendelea kidogo, naye akaacha. Mpiga dramu peke yake ndiye aliyeendelea, kichwa ameinamisha, hajui kwamba tumeshamwacha.

Wimbo ule nilikuwa nauweza. Ila haikuwahi kupita siku tukaupiga mwanzo hadi mwisho bila mtu kusema, "Subiri, turudie." Tulikuwa tumejifunza mambo mawili kwa pamoja: wimbo, na kusimama kila tunapokosea. Jukwaani yakatoka yote mawili.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: wiki mbili kabla ya onyesho, acheni kurekebisha nyimbo. Pigeni orodha nzima kwa mpangilio wake, mkiwa mmesimama, na mtu asikatishe kwa sababu yoyote. Noti ikikosewa, ipite. Mwimbaji akisahau ubeti, arudie ule wa kwanza au aingie kwenye kiitikio, na wengine wamfuate. Kubalianeni ishara ya kufuatana: sisi hutumia ngumi iliyoinuliwa, maana yake "twendeni kwenye kiitikio". Rekodini kwa simu iliyowekwa mbali, halafu msikilize kesho yake, si papo hapo mkiwa bado na joto la kupiga.

Mtakachogundua kwanza ni kwamba mnakimbia. Moyo ukienda mbio, wimbo nao unakwenda mbio. Mpiga dramu wetu ameandika kasi ya kila wimbo kwenye karatasi yake, mapigo 96 kwa dakika, 112, na kadhalika, na huitazama metronomu, kifaa kinachoonyesha kasi ya mapigo, kabla ya kuhesabu. Cha pili ni ukimya kati ya nyimbo. Kama nyimbo mbili zinataka gitaa lisawazishwe nyuzi kwa namna moja, zipange zifuatane, na mjue mapema nani atazungumza na watu huku mwenzake anarekebisha nyuzi.

Nyuzi mpya zifungwe siku mbili tatu kabla, uzivute taratibu kwa vidole na kuzisawazisha tena na tena. Ukizifunga siku yenyewe zitaendelea kulegea katikati ya wimbo. Beba waya wa ziada wa kuunganisha gitaa na spika, na betri ya volti 9 kama gitaa lako linaitumia. Magitaa mengi ya aina hiyo hula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa.

Kwenye kupima sauti, msianze na wimbo mpole. Pigeni ule wenye kelele kuliko yote, uimbe kwa nguvu utakayoitumia usiku. Kama hujisikii kwenye monita, ile spika inayowaelekea ninyi jukwaani, kwanza mwombe fundi mitambo apunguze vingine badala ya kukuongeza wewe. Monita ikizidi, maiki inaisikia, inairudisha kwenye spika, na ule mlio mkali unaanza. Usifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, nako ni kuuita mlio huohuo. Ukumbi mtupu ukirudisha mwangwi mwingi usiogope. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sehemu yake.

Waimbaji, anzeni kunywa maji asubuhi. Maji hayapiti kwenye nyuzi za sauti, huzifikia kupitia mwilini, na hilo huchukua saa kadhaa.

Dakika tano kabla ya kupanda, sisi husimama duara nyuma ya jukwaa. Mpiga dramu anahesabu wimbo wa kwanza kwa sauti ya chini, tunagonga mapaja kwa viganja na kuimba mistari minne ya mwanzo. Kisha tunapanda tukiwa bado tunagonga.