Usisubiri maji yapwe kabisa ndipo uondoke

Mkuu, kwa ratiba hiyo uliyoandika, usiende. Unasema jedwali linaonyesha maji yatakuwa yamepwa kabisa saa nne asubuhi na yatajaa saa kumi na dakika kumi jioni. Kwa hiyo mnaondoka ufukweni saa nne kamili, mnatembea hadi kwenye fungu la mchanga, mnapiga picha mpaka saa saba, halafu mnarudi "maji yakiwa bado nusu tu". Na mmechagua siku ya mwezi mpevu makusudi, ili maji yaende mbali. Nimeshika kichwa. Ratiba hii naijua. Niliifuata kwa miguu, na kipande cha mwisho nikakimalizia kwa kuogelea bila kupenda.

Hiyo "nusu tu" ndiyo saa mbaya kuliko zote. Maji hayapandi sawasawa kama ndoo chini ya bomba. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria: gawa kimo chote ambacho maji yatapanda mafungu 12. Saa ya kwanza inapanda moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya kwanza zinaingia sentimita 30, unaona mambo shwari, unafungua chupa ya maji unakunywa. Ya pili 60. Ya tatu 90, na ya nne 90 nyingine. Ninyi mnapanga kuanza kurudi saa saba, yaani katikati kabisa ya hizo 90 mbili. Ziko pwani zisizofuata hesabu hii vizuri, lakini usitegemee kwamba ya kwako itakosea kwa faida yako.

Na huo mwezi mpevu wako ni bamvua, yaani siku za maji kupwa na kujaa kupita kawaida. Mwezi na jua vinavuta kwenye mstari mmoja, na jua peke yake lina karibu nusu ya nguvu ya mwezi katika jambo hili. Ndiyo maana maji yanapwa mbali sana, na ndiyo maana pia yanarudi juu sana. Muda wa kupanda unabaki uleule, saa sita na dakika chache. Maji mengi zaidi, muda uleule: mbio tu, hakuna siri nyingine.

Sasa yaliyotukuta. Aliyetupeleka simtaji, akisoma hapa atajijua. Alijiita mzoefu wa pwani. Tukamwuliza, maji yakianza kurudi je? Akacheka. "Mtayaona yanakuja kwa mbele, mna muda tele." Mtu mzima, kofia kubwa, sauti ya uhakika. Nani angebisha?

Kumbe hayaji kwa mbele. Fungu la mchanga ni mgongo, pale katikati ndipo juu. Kati yake na ufukwe kuna bonde, na ndani ya bonde mfereji ambao wakati wa kwenda uliuvuka maji yakiwa kwenye kifundo, hata hukuutilia maanani. Maji yakianza kujaa yanazunguka fungu na kuingia huko kwanza. Sisi macho tumeyaelekeza bahari kuu, tunasubiri tuone adui anakuja, mchanga chini ya miguu mkavu kabisa, na nyuma yetu mlango unafungwa.

Kilichonishtua ni viatu vyangu. Nilikuwa nimevivua na kuviacha ukingoni mwa mfereji. Nikageuka nikaona kimoja kinaelea, kinajizungusha taratibu. Ndipo nikatazama vizuri: kwenye vile vituta vidogo vya mchanga maji yalikuwa yanapenya mstari kwa mstari, na ukanda mwembamba wa povu ukisukuma vipande vya mwani. Hakuna wimbi, hakuna sauti. Wewe umeandika "siku hiyo hakutakuwa na upepo, bahari itakuwa imetulia" kama vile hiyo ni kinga. Mkuu, mawimbi ni kazi ya upepo, kujaa ni kazi ya mwezi. Bahari inaweza kulala kama kioo na bado ikakufika shingoni.

Tulipofika kwenye mfereji maji yalikuwa kiunoni na yanakwenda kwa kasi kuelekea pembeni. Ukisimama kidogo kupanga hatua, mkondo unachota mchanga chini ya kisigino na unazama. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, na msukumo wake unakua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, unasukumwa mara nne. Mwenzetu mfupi aliondolewa miguu kwanza, nikamfuata. Msinicheke, naogelea vizuri sana, tatizo niliogelea vizuri kuelekea kusikotakiwa. Begi lilikwenda na kamera. Simu ilikuwa mfukoni, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya mtoni, kwa hiyo ilizima hapohapo, nayo ndiyo ilikuwa ya kuombea msaada. Mashua ya wavuvi ndiyo ikatuokota. Mzoefu wetu alikuwa wa kwanza kupanda, kofia bado kichwani. Baadaye akasema eti bahari "ilibadilika". Bahari ilifanya kilekile kilichoandikwa kwenye jedwali, neno kwa neno!

Na msidhani ni mambo ya wapiga picha tu. Februari 2004, kule Morecambe Bay, Uingereza, wafanyakazi waliokuwa wakiokota kombe kwenye mchanga walizingirwa hivyohivyo usiku, wakafa watu wasiopungua 21.

Kwa hiyo sheria ni moja: saa ya kupwa kabisa ni saa ya kuwa umesharudi ufukweni. Ondokeni maji yakiwa bado yanatoka, yafuateni, na mkishatumia nusu ya muda uliobaki kufika saa nne, geukeni, hata kama mwanga wa picha ndiyo umekolea. Kama mfereji hauvukiki mapema kiasi hicho, basi siku hiyo hakuna safari. Msisogeze saa hiyo ya kugeuka hata kidogo, kwa sababu jedwali linajua mwezi na jua, halijui hali ya hewa. Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari moja, bahari inapanda kama sentimita moja, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu unaongeza yake juu ya hapo. Na usije ukatumia saa za jana, maana kila siku zinasogea mbele kama dakika 50.

Uliuliza pia kwa nini bahari ina chumvi, na kuhusu ule usemi kwamba kila wimbi la saba huwa kubwa kuliko mengine. Chumvi ni kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sehemu kubwa imetokana na miamba iliyooshwa na mvua na mito kwa miaka mingi mno. Mawimbi ya saba tutabishana ukirudi salama. Kulikuwa na swali lingine la lenzi, nimelisahau, na kamera sina tena.

Leta hapa kimo cha kupwa na cha kujaa cha siku hiyo, viko kwenye jedwali hilohilo pembeni ya saa, nikupigie hesabu ya muda wa kuondoka. Na useme huo mfereji uko umbali gani kutoka ufukweni, maana najua upo, ingawa hujauandika.