Ukishafungua propela, hendibreki usiitegemee tena

Ndugu yangu, umeuliza kama jeki ya tani 10 inatosha ulale chini ya Canter ubadilishe mwenyewe krosi, yaani kile kiungo cha msalaba cha propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka magurudumu ya nyuma. Uzito itaubeba. Ninaloliogopea mimi ni jengine.

Nyingi ya gari hizo hendibreki yake haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, inashika propela. Ukitoa propela, magurudumu hayashikwi na hendibreki wala na gia. Hata ukiinyanyua nyuma upande mmoja tu, propela ikiwa bado imefungwa, usiiamini: kwa sababu ya difu, yaani zile gia zilizo kati ya magurudumu ya nyuma, gurudumu la juu huzunguka kinyume, la chini nalo likabiringika na gari ikaenda zake.

Niliyaona Chake Chake nikiwa mwanagenzi. Gari ya karafuu ilikatika krosi kwenye mteremko, mwenyewe ana haraka, na fundi wangu akaingia chini hapo hapo. Hendibreki ilikuwa imevutwa mpaka mwisho, nimeivuta mimi. Boliti tatu zilitoka vizuri. Ya nne aliigonga na nyundo, propela ikaanguka, na gari ikaanza kuondoka polepole, bila kishindo. Nilisikia changarawe zikilia chini ya tairi, halafu nikasikia sauti yake. Gurudumu la nyuma lilimpanda mguu chini ya goti. Alipona, lakini anachechemea mpaka leo.

Kwa hiyo tafuta kwanza pahala tambarare, hata kama ni kuivuta gari. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujashika spana. Ziwe za mti mgumu, usitie jiwe la mviringo, linateleza. Ufunguo utie mfukoni mwako, asije utingo akawasha.

Kama lazima unyanyue, jeki ni ya kunyanyulia tu. Sili yake, ule mpira unaozuia mafuta ya ndani, ikivuja, gari inashuka nawe uko chini. Weka stendi za chuma chini ya ekseli, na wakati wa masika tanguliza ubao mnene, maana udongo wetu ukirowa unadidimia. Bloku za kujengea usizitie kabisa: hazikupi dalili, zinapasuka mara moja.

Mimi nina kabari nne za mvinje. Kama uko karibu na Chake, nambie nikuazime kabla hujaanza.