Maswali na Majibu: Mfupa Unajuaje Kwamba Umebeba Mzigo?

Mwalimu, mfupa mkavu unafanana na jiwe tu. Chini ya hadubini kuna nini cha kuona?

Kuna mengi. Sehemu ngumu ya mfupa wa paja imejaa mirija iitwayo osteoni, yenye upana wa milimita 0.2 hivi. Katikati ya kila mmoja hupita mshipa wa damu, na kuuzunguka mshipa huo kuna matabaka ya nyuzi za kolajeni, protini imara, zilizokazwa na madini ya kalsiamu na fosfeti. Mirija mingi imelala kufuata urefu wa mfupa, maana huko ndiko uzito unakopita. Baina ya matabaka kuna vishimo, na katika kila kishimo huishi seli moja, osteosaiti, iliyonyoosha vikono vyembamba kuwagusa jirani zake. Huo mfupa mkavu unaouona ni mahame, wenyeji wameshaondoka.

Je, nyuzi zote za kolajeni zinaelekea upande mmoja?

La, na hapa ndipo mfupa unaponistaajabisha zaidi. Ukitembea, mfupa wa paja haubanwi tu, bali hupinda kidogo: upande wa ndani hubanwa, wa nje huvutwa. Ukikata kipande chembamba cha kukingama na kukitazama kwa mwanga uliochujwa, nyuzi zilizolala kukingama hung'aa, na zinazofuata urefu hubaki giza. Upande uliozoea kubanwa huwa na mng'ao mwingi. Uliozoea kuvutwa huwa na giza zaidi. Nyuzi za urefu ndizo zinazohimili mvuto, na mvuto ndio udhaifu wa mfupa: huvunjika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 130 hivi, ilhali ukibanwa huvumilia karibu 200.

Seli iliyofungiwa ndani ya kitu kigumu hivyo inahisije mzigo?

Kwa maji. Hata ukikimbia kwa kasi, mfupa hubadilika umbo kwa sehemu 2 au 3 tu kati ya 1,000. Lakini badiliko hilo dogo husukuma kiowevu ndani ya vijinjia vinamopita vile vikono vya osteosaiti, na mkondo huo ndio seli inaouhisi. Ikiuhisi, hupunguza sklerostini, protini inayowazuia wajenzi wa mfupa, yaani osteoblasti. Mfupa usipopata mzigo, sklerostini hupanda na osteoklasti, wabomoaji, huzidi nguvu. Ndiyo maana wanaanga wakiwa angani hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya nyonga kila mwezi, hata wakila vizuri. Watu hunywa maziwa wakadhani kazi imekwisha. Madini bila mzigo ni matofali bila fundi.

Kazini nasimama siku nzima. Si inatosha?

Haitoshi. Kiowevu hakisogei kama mzigo umetulia. Mwaka 1984 Lance Lanyon na Clinton Rubin walionyesha kwa mifupa ya mabawa ya ndege kwamba mzigo wa kudumu haukujenga mfupa, bali mzigo uleule ukiwekwa na kuondolewa, kwa muda mfupi tu kila siku, uliujenga. Zaidi ya hapo, seli huchoka kusikiliza: ukirukaruka mfululizo, miruko ya mwisho huambulia kidogo. Ni afadhali kugawa zoezi mara mbili kwa siku.

Haya yote si ndiyo kanuni ya Wolff?

Kwa sehemu. Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliichapisha mwaka 1892, akidai umbo la mfupa hufuata hesabu za mzigo. Wazo kuu limesimama. Hesabu zake kali hazikusimama, na kuhusu osteosaiti kuhisi mkondo hakuwa na habari.

Nimeanza mbio karibuni, na muundi unauma. Nadhani mfupa unakomaa, niendelee?

Usiendelee. Mzigo unaojirudia huacha nyufa ndogo mno, na ukarabati huanza kwa kubomoa: osteoklasti huchimba kwa wiki kadhaa, kisha osteoblasti hujaza kwa miezi. Katikati ya kazi hiyo mfupa una matundu mengi kuliko ulipoanza, na ukiuongezea mbio ufa hukua. Kama maumivu yako mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na hayatulii ukipumzika, muone daktari. Umwambie umeanza mbio lini, kwa sababu picha ya eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu.